Kibonzo cha keki ya Afrika: namna ya kukisoma darasani na kukifikisha kwenye siasa za leo

Swali: Nafundisha Historia kidato cha tatu, shule ya kata nje kidogo ya mji wa Moshi. Ninacho kile kibonzo cha mzee aliyeshika kisu anakata keki iliyoandikwa Afrika. Kila nikikionyesha wanafunzi wanacheka, mmoja anasema "wazungu waligawana Afrika", na mjadala unaishia hapo. Wengine wanauliza vibonzo vya zamani hivyo vinahusu nini siasa zetu. Nivifundisheje, nitumie vipi vingine, na nivilete vipi kwenye mambo ya leo bila kuleta ugomvi wa vyama darasani?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako hawana kosa. Kibonzo hicho kimezoeleka kama pambo la mada ya Mkutano wa Berlin, na pambo halijadiliki. Kitachangamka ukikirudishia mambo matatu kiliyonyang'anywa: nani alikichora, tarehe gani, na kwa ajili ya wasomaji gani. Kibonzo cha kisiasa ni hoja ya mtu. Kukipokea kama ushahidi wa tukio ndilo kosa kubwa, na hiki chako kinalidhihirisha kosa hilo kuliko vyote.

Kilichorwa na Draner, mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi Paris, kikatoka katika gazeti la Kifaransa L'Illustration tarehe 3 Januari 1885. Iangalie hiyo tarehe. Mkutano ulifunguliwa 15 Novemba 1884 ukafungwa 26 Februari 1885. Kwa hiyo kibonzo kilitoka wakati wajumbe wa nchi 14 bado wako mezani, na mchoraji hakuwa anaeleza matokeo ila hofu na tetesi. Mwenye kisu ni Bismarck, Chansela wa Ujerumani. Waliokuwa wanalinunua gazeti hilo ni Wafaransa, ambao miaka 14 tu nyuma walikuwa wameshindwa vita na Wajerumani. Chini ya picha kuna maneno ya Bismarck, ambayo kwa Kiswahili yangekuwa: "Kila mmoja atapata fungu lake, mkiwa na adabu." Anawasemesha wakubwa wa Ulaya kama watoto. Kilichomuuma msomaji wa Paris ni Mjerumani kushika kisu. Afrika kuwa keki hakukumsumbua, na hilo wanafunzi wako wanatakiwa waligundue wenyewe.

Halafu njoo kwenye yaliyotokea kweli. Azimio la Berlin halikuchora mipaka ya Afrika. Liliweka kanuni: biashara huria katika bonde la Kongo, uhuru wa vyombo kusafiri katika mito ya Kongo na Niger, na masharti kwa taifa linalotaka kushika pwani mpya, kwamba liwaarifu wengine na liwe na mamlaka halisi pale. Kukatana kwenyewe kulifanyika nje ya ukumbi, kwa mikataba ya wawili wawili. Kwa upande wetu, Mjerumani Karl Peters alikusanya hati zake Usagara na maeneo jirani mwishoni mwa 1884, na Kaiser, yaani mfalme wa Ujerumani, akatoa hati ya ulinzi tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano kufungwa. Mpaka unaopinda kuuzunguka Mlima Kilimanjaro ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886, na mkataba wa Heligoland wa 1890 ukamalizia mengine. Wanafunzi wa Moshi wamekua wakisikia kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima. Watajie mwaka 1886 pamoja na mwaka ambao mjukuu huyo, Wilhelm wa Pili, alitawazwa kuwa Kaiser, yaani 1888, kisha waache wajadili. Hadithi ya zawadi inashika akilini kwa sababu ileile inayofanya keki ishike: ni fupi, ina sura za watu, na imekosea.

Sasa namna ya kuendesha somo. Nafikiria kipindi cha pamoja cha dakika 80 na darasa la watu 50. Toa kopi kumi za A3, moja kwa kila wanafunzi watano. A4 haifai, maana mwanafunzi wa tano haoni nyuso, na asiyeona nyuso atarudia aliyosema mwenzake. Faili liwe na upande mrefu usiopungua pikseli 3,000. Ukitumiwa kwa WhatsApp, mwambie mtumaji alitume kama dokumenti, kwa kuwa likitumwa kama picha hubanwa na mistari midogo hupotea. Pale steshenari mwombe afisa wa mashine aweke mpangilio wa picha badala ya ule wa maandishi na apunguze weusi hatua moja. Vivuli vya vibonzo hivi vimetengenezwa kwa mistari myembamba iliyopishana, na mashine ikiachwa ilivyo inavigeuza madoa meusi.

Kabla ya kugawa, funika maneno ya chini na tarehe kwa ukanda wa karatasi. Dakika kumi za kwanza kila kundi liandike vitu 12 wanavyoviona, na neno "inamaanisha" lipigwe marufuku kabisa. Hapa ndipo masomo mengi yanapoharibika: mwalimu anauliza maana mapema, wanafunzi wanaanza kulitafuta jibu lililo kichwani mwake, na macho yanaacha kufanya kazi. Ukiona kundi limekwama kwenye kitu cha tano, waulize mikono inafanya nini, nani kasimama, nani kakaa, nani anamtazama nani. Vitu 12 vikifika, uliza matatu tu, nayo yaandikwe kwenye manila yabaki ukutani mwaka mzima: Nani yuko mezani? Nani kashika kisu? Nani ni keki? Ndipo ufunue tarehe, wabishane dakika chache, kisha ufunue maneno. Ukianza na maneno, picha imekufa. Dakika 15 zinazofuata walinganishe kibonzo na kanuni za Azimio zilizoandikwa ubaoni, waseme wapi kibonzo kimesema kweli, wapi kimekuza, na wapi kimepotosha. Zinabaki kama dakika 30 za kuvuka kuja leo.

Daraja la kuvukia ni chakula chenyewe. Draner hakubuni wazo hilo. Miaka 80 kabla yake, Februari 1805, James Gillray alichapisha London kibonzo cha Pitt, Waziri Mkuu wa Uingereza, na Napoleon wakila dunia iliyopikwa kama pudini: Pitt anajikatia bahari, Napoleon anachana Ulaya kwa upanga. Januari 1898 Henri Meyer akairudia meza hiyohiyo katika Le Petit Journal, safari hii keki ikiwa China. Pale kuna kitu cha kuonyesha kwa kidole: ofisa wa Kichina amesimama nyuma ya walaji, mikono juu, anapinga na hakuna anayegeuka. Katika kibonzo cha Draner hata huyo wa kupinga hayupo. Ziweke tatu hizo kwa mstari, halafu waulize ni mara ngapi wamesikia mwanasiasa wetu akizungumzia kugawana keki ya taifa. Watajibu wote kwa pamoja. Basi yale maswali matatu ya ukutani yaelekezwe kwenye kibonzo cha gazeti la wiki hii kinachohusu bajeti, ushuru wa soko au mgao wa maji. Swali lao la "vinatuhusu nini" litajibika hapo bila hotuba yako.

Ukipata vipindi zaidi, ongeza Linley Sambourne, mchoraji wa Uingereza, na nakusihi uvitumie vibonzo vyake viwili pamoja. Tarehe 10 Desemba 1892 gazeti la Punch la London lilitoa kile cha Cecil Rhodes, beberu wa Kiingereza wa kusini mwa Afrika, aliyetanua miguu kutoka Cape mpaka Cairo, bunduki begani, kofia mkononi, ameshika waya wa simu ya maandishi. Leo kinawekwa kila mahali kama shutuma dhidi ya ubeberu. Kilipotoka hakikuwa hivyo. Rhodes alikuwa ametoka kutangaza mpango wa kuvuta waya huo, na Punch lilimchora kwa utani uliochanganyika na kustaajabu. Chini ya miguu yake hakuna Mwafrika hata mmoja. Hakuna pia dalili kwamba njia yake ilikuwa imezibwa na koloni la Wajerumani, yaani hapa kwetu, hata ikambidi aende Berlin mwaka 1899 kumwomba Kaiser ruhusa ya kupitisha waya. Miaka 14 baadaye, 28 Novemba 1906, mkono uleule katika gazeti lilelile ulimchora Mfalme Leopold wa Ubelgiji kama nyoka wa mpira anayemkaba Mwafrika wa Kongo, huku mwanamke akikimbia na mtoto. Hicho ni kikali, na kilikuwa sehemu ya shinikizo lililoifanya dola ya Ubelgiji imnyang'anye Leopold Kongo, iliyokuwa mali yake binafsi, mwaka 1908. Waulize wanafunzi: kwa nini mchoraji huyu aliyaona maumivu ya Mwafrika wakati mkosaji ni Mbelgiji, na hakumwona Mwafrika kabisa wakati shujaa ni Mwingereza?

Wajerumani nao wana chao. Mwaka 1904 gazeti la Simplicissimus la Munich lilichapisha mfululizo wa Thomas Theodor Heine kuhusu namna kila taifa linavyotawala makoloni. Mbelgiji anambanika Mwafrika motoni. Mwingereza anamkamua kwa shinikizo huku mmisionari akisoma. Mjerumani anawafundisha twiga kwata, mguu juu, na mamba amefungwa mdomo. Heine hakuwa mtu wa woga, alishahukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kibonzo kilichodhihaki safari ya Kaiser ya Palestina mwaka 1898. Hata hivyo angalia alivyowagawia watu adhabu: Mbelgiji kapewa moto, Mjerumani kapewa twiga. Mwaka 1900, miaka minne kabla ya twiga hao, Wajerumani walikuwa wamemnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa pale Old Moshi. Kwa darasa lako hakuna zoezi zito kuliko kuiweka picha ya twiga pembeni ya tarehe hiyo na kuuliza mchoraji ameacha nini. Uwaandae lakini: Waafrika katika mfululizo huo wamechorwa kwa sura za kudhalilisha, ingawa lengo lake ni kuwashutumu wakoloni. Liseme mapema, tena kwa uwazi, ili mwanafunzi asidhani mwalimu ameona na kunyamaza.

Swali la "bila kuleta ugomvi" linatupeleka Paris ya 1831. Charles Philipon, mchapishaji wa gazeti la vibonzo, alishtakiwa kwa kumdhihaki Mfalme Louis-Philippe. Mahakamani akachora hatua nne za uso wa mfalme ukigeuka polepole kuwa pea, kisha akauliza kama nalo tunda lina hatia. Hakuachiwa, alifungwa. Lakini pea likaenea kwenye kuta za mji, na mwaka 1835 serikali ikatunga sheria iliyotaka kila mchoro upate kibali kabla ya kuchapishwa, sharti ambalo maandishi hayakuwekewa. Ndivyo alama inavyofanya kazi. Ikishapata watu inaishi bila uso wa mhusika. Mchoraji Zapiro wa Afrika Kusini alianza kumchora Jacob Zuma na bomba la mvua kichwani baada ya ushahidi wake mahakamani mwaka 2006, aliposema kwamba alioga ili kujikinga na maambukizi, na bomba hilo likamfuata hadi kwenye urais. Hapa kwetu panya wa Masoud Kipanya amekuwa akiyaangalia mambo ya wakubwa kutoka pembeni ya picha kwa miaka, na kabla yake, enzi za chama kimoja, mhusika Chakubanga wa mchoraji Christian Gregory katika gazeti la Uhuru aliwachekesha Watanzania kwa mambo ya maisha ya kila siku ya mjini. Wanafunzi wakichora vyao, wape kanuni hii: chora ofisi na kitendo, usichore uso wala rangi za chama. Mwenyekiti asiye na jina anayekalia bomba la maji atazua mjadala wa maji. Ukimpa sura ya mtu anayejulikana, mjadala utamhamia mtu huyo na maji yatasahauliwa. Kazi zao zibaki kwenye karatasi na ukutani. Zisirushwe kwenye magrupu, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haimwachi kando mwanafunzi, na picha ikishakatwa maelezo haina wa kuitetea.

Kuna mpaka mmoja ambao ni lazima uufundishe, na kwa mtu wa Kaskazini mfano wake uko karibu. Mchoraji Thomas Nast wa New York anasifiwa, kwa haki, kwa vibonzo vya 1871 vilivyosaidia kumwangusha mwanasiasa William Tweed na kundi lake lililokuwa likiiba fedha za jiji. Tweed alipotoroka jela, alikamatwa Hispania mwaka 1876, na inaelezwa kwamba kibonzo cha Nast kilisaidia kumtambua. Lakini kalamu hiyohiyo iliwachora wahamiaji wa Kiayalandi kama nyani. Kalamu moja ilishambulia kitendo cha mwenye madaraka, kisha ikashambulia watu kwa asili yao. Njia hiyo ya pili ikifuatwa mpaka mwisho inafika Arusha. Katika kesi ya vyombo vya habari, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoketi pale AICC, kituo cha mikutano cha Arusha, tarehe 3 Desemba 2003 ilimtia hatiani Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, kwa uchochezi wa mauaji ya kimbari pamoja na makosa mengine. Gazeti lake lilikuwa na vibonzo, na jalada la toleo namba 26, la Novemba 1993, liliweka picha ya panga kando ya swali kuhusu silaha ya kuwamaliza "mende", jina la matusi walilopewa Watutsi. Rufaa ya 2007 ilipunguza kifungo kutoka maisha hadi miaka 35, na majaji wakasema ni matoleo ya 1994 tu yanayoweza kumtia hatiani, kwa kuwa mamlaka ya mahakama hiyo yalihusu mwaka huo peke yake. Mwambie mwanafunzi anayeona tarehe ni jambo dogo kwamba majaji wa rufaa nao waliiuliza. Kwa matumizi ya darasani kipimo ni swali moja: anayechekwa hapa anachekwa kwa alichofanya au kwa alivyozaliwa?

Kuhusu vibonzo vinavyosambaa kwenye simu, kaa macho kwa mambo mawili. La kwanza ni mkato: saini na jina la gazeti vimeondolewa, kisha maneno mapya yamebandikwa. Itafute picha kwa Google Lens, angalia tarehe ya zamani kabisa iliyoonekana. La pili ni vibonzo "vya zamani" vilivyotengenezwa na programu za akili bandia. Herufi kwenye maandishi madogo huwa zimevunjika au hazisomeki, mistari ya vivuli haifuati umbo, na hakuna anayeweza kutaja toleo la gazeti. Kibonzo cha kweli cha Punch kina ukurasa wake, na Chuo Kikuu cha Heidelberg kimeweka majarida ya zamani ya Punch mtandaoni bure. Gillray yuko British Museum na Maktaba ya Bunge la Marekani. Hao pamoja na Sambourne na Draner wamefariki miaka mingi, kwa hiyo kuwachapisha hakuna deni la hakimiliki.

Mwishoni mwa mada, unapotunga mtihani, usiulize "kibonzo hiki kina maana gani". Swali hilo linamzawadia aliyekariri. Wape kibonzo wasichowahi kukiona, toa alama tano kwa wanachokiona, tano kwa nani yuko mezani na nani hayupo, tano kwa jinsi tarehe inavyobadilisha maana, na tano kwa kitu ambacho mchoraji amekiacha. Aliyekariri atapata tano za kwanza na kukwama.

Na ikiwa mkuu wa shule amekupa kipindi kimoja tu cha dakika 40, wacha wengine wote. Chukua Draner, tarehe ya 3 Januari 1885 ikiwa imefunikwa, na ramani ya mpaka wa 1886 unaoizunguka Kilimanjaro. Dakika kumi za kuona, kumi za maswali ya ukutani, kumi za kulinganisha na ramani, na kumi za mwisho kwa kibonzo cha gazeti la wiki hiyo.